Kibaba na Ratili: Ujazo na Uzito katika Upimaji wa Mchele

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na safu mbili za vipimo vya nafaka, na kwamba kusahauliwa kwa tofauti baina yake kunaleta utata sokoni na jikoni hadi leo.

Safu ya kwanza ni ya ujazo. Vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, na pishi 60 ni jizla. Safu ya pili ni ya uzito: wakia, ratili, mani na frasila. Mani ni ratili 3 hivi, na mani 12 ni frasila, yaani karibu kilo 16. Ili kuziunganisha safu hizi, wafanyabiashara wa pwani waliikadiria pishi ya nafaka kuwa ratili 6. Kwa hiyo pishi 6 zilihesabiwa frasila moja, na jizla frasila 10.

Hesabu hiyo ilirahisisha biashara, lakini haikuondoa tatizo. Kamusi za zamani zinaieleza pishi kuwa nusu ya galoni, na papo hapo kuwa ratili 6. Nusu galoni ni lita 2.27, na lita moja ya mchele huwa na uzito wa kilo 0.8 hivi. Pishi ya namna hiyo, ikisawazishwa, haizidi ratili 4 sana. Ama vyombo vilitofautiana mahali kwa mahali, ama nafaka ililundikwa. Lugha yenyewe inashuhudia sababu hii ya pili, kwani ilitenganisha kibaba cha tele, kilicholundikwa, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo.

Tofauti hiyo haikuwa ya maneno matupu. Katika misafara ya karne ya 19, ikiwemo iliyofika Mumias, posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Tele au mfuto ilikuwa ndiyo shibe au njaa yake. Katika dini vilevile, saa ya zaka ya fitri, ambayo ni mudi 4, ilifasiriwa kuwa pishi yenye vibaba 4. Saa ni ujazo. Anayeigeuza kuwa kilo hana budi kutaja ni nafaka gani, maana pishi ya mchele na pishi ya tende hazilingani mizanini.

Leo katika soko la Kakamega, kama kwingineko magharibi mwa Kenya, kipimo kinachotawala ni gorogoro, yaani kopo lililokuwa la mafuta ya kupikia ya kilo 2. Kwa kawaida gorogoro 40 za mahindi huhesabiwa gunia la kilo 90, ambayo ni kilo 2.25 kila moja. Hiyo ni gorogoro ya tele. Tena kopo lilipewa kilo zake kwa mafuta, wala si kwa mahindi au mchele. Mnunuzi anayeliita "kilo mbili" anataja uzito huku akipokea ujazo.

Jikoni utata huo huonekana waziwazi. Mpishi asemaye mchele kimoja kwa maji mawili hukusudia vikombe. Kilo moja ya mchele ni lita 1.25 hivi, kwa kanuni hiyo inataka maji lita 2.5. Akipima kilo moja kwa mizani, kisha akatia lita 2 akidhani ameifuata kanuni ileile, atakuwa amepunguza nusu lita, na wali unaweza kubaki na kiini.

Chanzo kimojawapo ni neno "kipimo" na kitenzi "kupima", vinavyobeba maana zote mbili. Waandishi wa vitabu vya shule na wa kamusi wangefanya vyema kutaja kila mara kama ni ujazo au uzito, na kuyahifadhi maneno "tele" na "mfuto" katika matumizi. Muuza nafaka wa Kakamega anayahitaji leo kama alivyoyahitaji mpagazi wa zamani.