Hesabu ya Mafuta ya Ndege Turkana Huanzia Mombasa

Watengenezaji wa ndege hujivunia kipimo kimoja: lita zinazochomwa kwa kila abiria kwa kila kilomita. Kwa kipimo hicho, tangu jeti za kwanza ushindi umekuwa mkubwa. Lakini kipeleke kipimo hicho Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, miji ya Turkana kaskazini mwa Kenya, nacho kinapwaya. Huko, kilichoamua kama ndege inabana matumizi au inafuja ni safari ya mafuta yenyewe kabla ya kuingia kwenye tangi la ndege. Ubora wa injini umekuwa ukija nyuma.

Historia ya mafuta haya haijawahi kuwa ya uchache wa matumizi peke yake. Ndege za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, zilitumia petroli, na ndivyo zilivyokuwa karibu ndege zote za abiria za zama zile. Kisha tarehe 2 Mei 1952 shirika la ndege la Uingereza, BOAC, lilirusha ndege aina ya Comet kutoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya ratiba ya abiria ya ndege ya jeti duniani, ikipitia Khartoum na Entebbe. Ilikuwa na viti 36, na kwa kila kiti ilikunywa mafuta mengi kuliko ndege za pistoni ilizokuja kuziondoa. Mashirika yaliipenda jeti hata hivyo, kwa kuwa ilikwenda kasi, injini zake zilihitaji matengenezo machache, na mafuta yake yalikuwa ndugu wa mafuta ya taa, rahisi kununua na salama zaidi kuhifadhi. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata penye baridi kali, ilhali mafuta ya jeti, Jet A-1, yamewekewa kiwango kwamba mvuke wake usishike moto chini ya nyuzi 38 za Selsiasi. (Lodwar, ambako joto la mchana huzikaribia nyuzi hizo, usalama huo si wa kulalia.)

Faida iliyowafikia watu wa kaskazini ilitokana na mafuta hayohayo. Miaka ya 1980 zilikuja Cessna Caravan na Dash 8, ndege za turbini inayozungusha pangaboi, zinazobana mafuta kwenye safari fupi kuliko jeti. Ndege ndogo ya abiria kumi na kidogo na Hercules ya mizigo sasa ziliweza kujaziwa kutoka pipa moja. Umuhimu wake ulionekana Lokichoggio. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operation Lifeline Sudan, operesheni ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan, na mji huo ukawa kituo chake kikuu upande wa Kenya. Miaka mitatu baadaye kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa kiasi cha kilomita 95 kusini mwake. Hercules hubeba tani kama 16 za chakula na kuchoma takriban tani 2 za mafuta kwa saa. Mafuta hayo yalifikaje? Bomba la kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafika Eldoret na Kisumu. Halikwenda mbele zaidi. Kutoka huko ni lori la tangi, kupitia Kitale, Lodwar na Kakuma, barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya mashimo, vumbi na misafara ya kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Dizeli iliyochomwa na lori hilo kwenda na kurudi haimo katika hesabu za mtengenezaji wa ndege.

Penye mafuta adimu au ghali, rubani hujaza Nairobi ya kwendea na ya kurudia. Ndipo ndege hulipa mara mbili, maana mafuta ni mzigo, na kuubeba mzigo huo ni kuchoma mafuta mengine. Joto nalo lina sehemu yake. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa hupata nguvu kidogo, injini nayo hupungukiwa. Mchana wa jua kali rubani huenda akalazimika kupunguza abiria, mizigo au mafuta. Kiti kilichoachwa kitupu hupandisha matumizi ya kila aliyebaki, injini iwe mpya kiasi gani.

Atakayesema kwamba lami mpya kati ya Kitale na Lodwar imeifanya ndege kuwa anasa ana hoja, kwa anayesafiri na gunia la mahindi. Mgonjwa wa kukimbizwa Nairobi hana siku nzima ya kukaa barabarani. Tena lami hiyohiyo huwafaa abiria wa ndege pia, kwani lori la mafuta likifika upesi na salama, bei ya tone hushuka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Turkana ina mafuta yake, yaliyogunduliwa na kampuni ya Tullow katika kisima cha Ngamia 1 mwezi Machi 2012. Ni kweli, ila ni mafuta ghafi yenye nta, yanayoganda yasipopashwa moto, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi mwaka 2013. Ghafi hiyo ya visima vya Lokichar, Turkana, iliteremshwa kwa malori hadi Mombasa, na mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo. Ndege zinazotua Lodwar zimeendelea kuruka kwa mafuta ya kuagizwa, yaliyopandishwa kutoka bandari hiyohiyo.