Bustani za Kumbukumbu ya Waliofia Utumishini: Kisumu na Mwambao wa Nyanza

Bustani ya kumbukumbu ni eneo la wazi, aghalabu lenye nyasi, miti na mawe ya majina, lililotengwa kwa heshima ya askari na watumishi wa umma waliofia kazini. Nchini Kenya zile zinazojulikana zaidi ziko Nairobi: makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, makaburi ya Kariokor, Bustani ya Uhuru na Bustani ya Agosti 7. Nyingine ziko Taita Taveta, ambako mapigano ya mwanzo ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa makali. Mwambao wa Ziwa Viktoria, uliotoa sehemu kubwa ya wapagazi wa vita hivyo, hauna bustani inayojulikana yenye majina yao. Anayetaka kuwaenzi akiwa Kisumu huanzia mjini, akaendelea hadi kwenye maboma ya vijijini, kisha akasafiri hadi Nairobi.

Milimani na bandari

Milimani ni mtaa wa Kisumu ulio karibu na ufuo, wenye nyumba za enzi za ukoloni, nyua pana na miti mikubwa. Ikulu ndogo ya Kisumu iko upande huu wa mji, na hifadhi ya swala iko jirani. Hapo ndipo maafisa wa serikali ya kikoloni walipojitengea makao, juu ya bandari ambayo reli kutoka Mombasa iliifikia tarehe 20 Desemba 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence.

Vita vilipozuka mwaka 1914, bandari hiyo iligeuka kituo cha kijeshi. Meli za abiria na mizigo zilizokuwa zikienda Uganda, zikiwemo Winifred, Nyanza, Kavirondo, Usoga na Rusinga, zilifungwa mizinga au zikabebeshwa askari. Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na tarehe 12 Septemba 1914 wakapigana huko na askari wa King's African Rifles, ambao watu wa Nyanza waliwaita Keya. Juni mwaka uliofuata Waingereza nao walishambulia: zaidi ya askari 1,500 walipakiwa melini Kisumu, wakavuka ziwa hadi Bukoba, wakauteka mji na kukivunja kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Miongoni mwao alikuwemo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mwenye umri wa miaka 63, ambaye angeuawa Beho Beho, kusini mwa Tanzania ya leo, Januari 1917. Kaburi lake linajulikana na hutembelewa hadi sasa.

Habari za Selous zinapatikana kwa urahisi kwa kuwa yeye alikuwa na kaburi, jina na waandishi. Waliokibeba chakula cha kikosi chake hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Wapagazi

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali pasipo barabara, na mbung'o waliua ng'ombe, farasi na nyumbu. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi na kila mgonjwa aliyelala kwenye machela alibebwa na binadamu. Kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza liliishia kuwa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi, kilisimamiwa na Oscar Watkins. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu. Mwaka 1917, jeshi lilipokuwa likimfuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kusini kabisa mwa nchi aliyoitetea, msako ulizidi kuwa mkali. Aliyepewa kazi ya kuusimamia ni John Ainsworth, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, makao yake Kisumu. Aliwajua machifu wake, na machifu walijua kila boma lenye vijana. Hii ndiyo sababu moja iliyofanya Nyanza ibebe mzigo mkubwa kiasi kile.

Kutoka Kenya ya leo pekee walichukuliwa wapagazi zaidi ya 160,000. Wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na wengine na unga wa mahindi ulioliwa bila kuiva vizuri kwa kukosa muda, kuni au sufuria. Kwa upande wote wa Waingereza katika eneo hili, wanahistoria wengi hutaja vifo takriban 95,000 vya wapagazi, na wapo wanaoona kuwa idadi halisi ilipita 100,000. Mishahara ya waliokufa ambayo jamaa hawakuweza kuidai ilibaki mikononi mwa serikali. Watkins mwenyewe aliitaka ilipwe, suala likavutwa miaka mingi, na Hazina ya London ikakataa.

Machungu hayo hayakuisha na vita. Desemba 1921 watu wa Nyanza walikusanyika Lundha, Gem, wakaanzisha chama cha Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti wake. Walilalamikia kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Waliohudhuria walikuwa watu wa kizazi kilekile kilichosombwa na msako wa 1917.

Kaburi lisilo na mwili

Kwa Waluo mtu huzikwa kwao, ndani ya boma lake, na mahali pa kaburi hutegemea hadhi yake katika nyumba hiyo. Mgeni anaweza kuanza kulielewa jambo hili kwenye Jumba la Makumbusho la Kisumu, ambako limejengwa boma kamili la Kiluo lenye nyumba za wake na wana kwa mpangilio wa jadi. Aliyepotea ziwani au ugenini, mwili wake usipatikane, hakuachwa bila maziko: familia ilichukua tunda la mwegea, ambalo kwa Kiluo huitwa yago, refu na zito, ikalizika mahali pa mwili kwa taratibu za msiba.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalotenganisha Nyanza na bustani za kijeshi za kizungu. Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza iliamua askari azikwe alikofia, pamoja na wenzake, chini ya mawe ya kimo kimoja. Mtu wa ziwani humtaka wake arudi nyumbani. Mpagazi aliyefia Lindi au Mahenge hakupata heshima ya namna yoyote kati ya hizo mbili: hakurudishwa kwao, wala hakuwekewa jiwe.

Sanamu bila majina

Badala ya makaburi, tume hiyo ilisimamisha sanamu za shaba Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1927 na 1928. Ile ya Nairobi, iliyo Kenyatta Avenue, ina watu watatu: askari wa Keya, askari wa kikosi cha Waarabu na mpagazi. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja lililochongwa hapo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ahadi hiyo na jiwe lisilo na jina lililo chini yake ni dhuluma ambayo bado inadai kurekebishwa.

Aprili 2021 kamati maalumu ya tume hiyo, ambayo sasa huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilikiri jambo hilo. Ilikadiria kuwa waliofia vitani wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi wa rangi ulichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeanza. Kumbukumbu za kijeshi zilizodhaniwa kuwa zimeteketezwa zilipatikana katika hifadhi ya nyaraka ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, na ndani yake yametolewa majina zaidi ya 3,000. Cape Town imetangulia: Januari 2025 ulifunguliwa katika bustani kongwe ya Company's Garden ukumbusho wa vibarua Weusi wa jeshi zaidi ya 1,700, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina.

Kutembelea bustani za Nairobi

Makaburi ya Barabara ya Ngong yalifunguliwa mwaka 1941 kwa ajili ya waliofia katika hospitali za kijeshi za Nairobi. Wamelala humo zaidi ya watu 1,900 wa Vita Kuu ya Pili. Jiwe moja husomwa kwa dakika isiyozidi moja: namba ya jeshi, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kifo, na alama ya dini. Mtu wa Nyanza akipita kati ya safu atayatambua majina ya kwao mara moja. Ni vyema kusoma polepole, kwa sauti ya chini, kwa kuwa mengi ya majina hayo hayajatamkwa na jamaa kwa miaka themanini.

Humo humo umo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wenye majina ya karibu watu 500 wasio na kaburi: waliofia katika safari ya kivita ya kwenda kusini mwa Ethiopia na Somalia, katika kuitwaa Madagaska, na baharini. Waliofia baharini wanastahili kutajwa peke yao. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Sri Lanka, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike.

Kariokor ni eneo dogo na hutembelewa na wachache, ingawa ndilo lenye uhusiano wa karibu zaidi na Waafrika waliotumikia jeshi. Mfalme Charles III alifika hapo katika ziara yake ya mwaka 2023. Anayetoka Kisumu na kuwa na nafasi ya kwenda mahali pamoja tu na aende huko.

Bustani ya Agosti 7 iko kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 Nairobi na kujeruhi zaidi ya 4,000. Bomu jingine la asubuhi hiyohiyo, Dar es Salaam, liliua 11. Kati ya waliokufa Nairobi, 44 walikuwa wafanyakazi wa ubalozi, Wamarekani 12 na Wakenya 32. Waliobaki ni wateja wa benki, wanafunzi wa ukarani, wachuuzi na wapita njia. Majina yote yako kwenye ukuta mmoja bila kubagua mwanadiplomasia na mpita njia, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika bustani hiyo.

Makaburi ya nyumbani

Huko Nyanza kwenyewe, kumbukumbu za watumishi wa umma ziko katika maboma. Kisiwani Rusinga, ng'ambo ya Mbita, liko kaburi la Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Jengo lililo juu yake lina umbo la risasi. Koru, kaunti ya Kisumu, alizikwa Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990.

Askari wa leo nao hurudishwa. Baada ya shambulio dhidi ya askari wa Kenya huko El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, ibada ya taifa ilifanyika katika kambi ya Moi Barracks, Eldoret, kisha miili ikapelekwa kwao kaunti mbalimbali. Idadi kamili ya waliouawa haikutangazwa na serikali. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024 akiwa kazini, akazikwa tarehe 21 Aprili huko Ng'iya, Siaya, kwa heshima zote za kijeshi na, kama alivyoagiza mwenyewe, bila jeneza. Mkuu wa majeshi wa nchi amelala katika ardhi ya baba zake, si katika bustani ya taifa, na hakuna aliyeshangaa.

Anayekwenda kwenye makaburi haya aingie kama anayeingia nyumbani kwa watu. Awasalimu wenyeji kwanza, aeleze anakotoka na kilichomleta, aandike jina kitabuni kama kipo, na asipige picha kabla ya kuruhusiwa. Asikanyage juu ya kaburi. Kwenye makaburi ya tume, lango lina daftari la majina na kitabu cha wageni. Shada la maua huwekwa chini ya msalaba mkuu au jiwe la kumbukumbu. Siku zinazokusanya watu ni Jumapili ya pili ya Novemba kwa vita vikuu viwili, tarehe 14 Oktoba kwa Jeshi la Ulinzi la Kenya, na Mashujaa tarehe 20 Oktoba.

Kazi ya kutafuta majina ya wapagazi bado inaendelea. Familia yoyote ya Nyanza yenye kibati cha namba, cheti, medali au hata simulizi ya babu aliyekwenda Kariakoo asirudi inaombwa iandike jina lake, la babaye, la ukoo na la kijiji, ilifikishe kwa Tume ya Makaburi ya Vita au Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, wakati bado wapo wazee wanaoweza kuyathibitisha.