Kwa Nini Nilifuta Ile Video ya Mashine ya Kufagia

Kama mmekuwa hapa tangu mwaka jana, mnaikumbuka ile video. Nimekalia mashine ya kufagia kwenye besimenti ya jengo ambalo halijaisha, riflekta haijafungwa, muziki unagonga, nazungusha usukani kama niko Safari Rally. Nyuma yangu wingu la vumbi limepanda mpaka likagusa slabu ya juu. Hakuna video yangu nyingine iliyotazamwa na watu wengi hivyo. Wiki jana niliifuta.

Mmeuliza sana kwa nini. Wengine mnasema nilitishwa na kampuni. Hapana. Nilitumiwa sauti na mzee mmoja, halafu nikaenda kusoma historia, na niliyoyasoma yakanifanya nione aibu.

Tuanze na mimi. Nilipoacha chuo, karo ikiwa imelemea nyumbani, nilienda mjengo. Mgeni mjengoni hupewa kazi mbili: kubeba ama kufagia. Kufagia kunaonekana kazi ya bure kabisa. Huwezi kuanguka kutoka juu, hakuna stima, hakuna msumeno. Mimi nilishika ufagio wiki kadhaa, baadaye nikawekwa kumsaidia opereta wa mashine. Huyo mzee alikuwa mpole, mwenye kikohozi kidogo kisichoisha, na kila asubuhi kabla ya kuwasha alijaza tangi la maji. Niliona anapoteza muda.

Siku ya video hakuwa kazini, alikuwa ameenda matanga ushago. Boza la maji halikuwa limefika. Nyapara akaniangalia, akasema, "Wewe kijana, si umeona vile inaendeshwa? Panda, mhandisi anakuja saa nane." Nikapanda. Tangi lilikuwa tupu. Beshte yangu akashika simu.

Miezi ikapita. Video ikazunguka mpaka ikamfikia mzee. Sauti yake ilikuwa fupi: "Kijana wangu, nimeona watu wanacheka. Mimi sijacheka. Hiyo kitu unarusha nyuma yako, ndiyo daktari ameona kwa kifua changu."

Alikuwa ameanza maisha kwenye machimbo ya mawe, kisha akaja mjengoni. Miaka mingi ya vumbi. Nilimpigia, nikakosa cha kusema, nikabaki tu na "pole, mzee." Usiku huo nikaanza kusoma.

Kumbe mashine ya kufagia ni ya zamani kuliko gari. Miaka ya 1840 jiji la Manchester, Uingereza, lilikuwa limejaa viwanda, farasi na matope. Fundi mmoja anayeitwa Joseph Whitworth akatengeneza mkokoteni wa kuvutwa na farasi. Magurudumu yakizunguka, yalizungusha mnyororo wenye mafagio, na mafagio yakapandisha uchafu mpaka ndani ya mkokoteni. Kama umewahi kufanya kazi gereji, jina hilo unalijua bila kujua unalijua: ni yule yule wa nyuzi za bolti na spana za Whitworth.

Kuna picha inazunguka mtandaoni inayosema mashine ya kufagia barabara ilibuniwa na Mmarekani mweusi, Charles Brooks. Nusu ya hiyo ni ukweli. Brooks alikuwa mtu wa Newark, New Jersey, na mwaka 1896 alipata hataza ya gari lake lenye brashi za kuzunguka. Lakini hakuwa wa kwanza, na halihitajiki jina la "wa kwanza" ndipo tumpe heshima. Aliboresha kitu kilichokuwepo, na kuboresha ni kazi.

Halafu injini ikaingia. Mji wa Boise, jimbo la Idaho, ulinunua mashine ya kufagia yenye injini iliyotengenezwa mji wa Elgin, Illinois. Ukiangalia mashine za leo, babu yao ni huyo: brashi ya pembeni inakusanya uchafu, brashi kubwa ya katikati inautupa kwenye sanduku, na maji yananyunyizwa kupunguza vumbi.

Hilo la maji ndilo lilinisimamisha. Watu walijua tangu zamani kwamba ukifagia kukavu hujaondoa uchafu wote. Umeondoa ule unaouona. Ule mdogo umeuinua tu, ukaupeleka kwenye pua ya mtu.

Na mdogo maanake mdogo. Saruji, mchanga, kokoto, mawe ya kujengea, vyote vina silika, ile madini iliyo kwenye mchanga. Ukikata, ukitoboa au ukifagia, chembe zake zinavunjika mpaka zinakuwa ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele wako. Pua haizishiki. Zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, zinakaa, na mapafu yanajaribu kupigana nazo kwa kutengeneza makovu. Kovu halivuti hewa. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na mara nyingi huchukua miaka zaidi ya kumi kujitokeza. Pia humfanya mtu ashikwe na TB kwa urahisi zaidi. Na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi hilo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika.

Usidhani haya yalijulikana juzi. Mwaka 1556 kilitoka kitabu cha Georgius Agricola kuhusu uchimbaji madini. Aliandika kwamba kwenye milima ya Carpathian kulikuwa na wanawake walioolewa na waume hadi saba, kwa sababu wote waliuawa na vumbi la migodini. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, akaandika kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, na wachonga mawe wamo. Kwa hivyo tunaongea kuhusu kitu ambacho wanadamu wamekiona kwa zaidi ya miaka 450.

Sasa twende West Virginia, Marekani, mwaka 1930. Uchumi umeanguka, kazi hakuna. Mradi mmoja unatafuta watu wa kuchimba handaki la karibu kilomita tano katikati ya mlima, mahali panaitwa Hawks Nest, ili maji ya mto yapite yakazalishe umeme wa kiwanda. Wanaume wanafika kutoka kila upande, wengi wao weusi kutoka majimbo ya kusini. Mwamba wenyewe umejaa silika. Njia salama ilijulikana: toboa ukimwaga maji, leta hewa, wape watu maski. Lakini kutoboa kukavu kulikuwa haraka zaidi. Wakatoboa kukavu. Wafanyakazi walitoka handakini weupe kama waliomwagiwa unga, weusi na wazungu hujui nani ni nani.

Hapo hawakungoja miaka kumi. Vumbi lilikuwa zito mpaka wengine walikufa ndani ya miezi. Mwaka 1936 kamati ya Bunge la Marekani ikasikiliza ushahidi. Nusu karne baadaye, mwaka 1986, daktari Martin Cherniack alichapisha kitabu chenye hesabu yake: waliokufa walikuwa kama 764. Wengi wao walikuwa weusi, vibarua, watu waliotoka mbali na makwao.

Hiki ndicho kipande kilichonigusa kama mtu wa video. Mwaka 1938 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa filamu ya kuwafundisha watu jinsi ya kuzuia silikosisi. Yaani kuna msee wa kamera alikaa chini miaka hiyo, akaonyesha vumbi ni hatari na kwamba linaweza kuzuiwa. Na mimi, zaidi ya miaka 80 baadaye, nina simu ya mkononi, nikatumia vumbi hilo hilo kama moshi wa jukwaani.

Lakini hata hiyo filamu haikutosha. Marekani ilikaa mpaka 2016 ndipo ikatoa kanuni kali za silika mjengoni: hewa anayovuta mfanyakazi isizidi mikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa nane za kazi. Kanuni hizo zinakataza kufagia kukavu pale kunapoweza kumfikishia mtu vumbi hilo, isipokuwa kama maji au vakyumu yenye chujio maalum kweli haviwezekani. Hesabu mwenyewe. Kutoka filamu mpaka kanuni, miaka 78. Ujuzi ulikuwepo wakati wote huo. Kilichochelewa ni mtu kulazimishwa kuutumia.

Na hapa kwetu? Sheria tunazo. Sheria ya Viwanda ilianza kazi 1951, enzi za mkoloni. Mwaka 1984 zikaja kanuni za kazi za ujenzi. Mwaka 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na mwaka huo huo sheria ya fidia ya majeraha kazini, ambayo inahesabu pia magonjwa yanayotokana na kazi. Sheria hiyo ya usalama inasema vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Inasema pia kwamba ukiona hatari kubwa iliyo karibu, umwambie msimamizi wako, na ukiondoka mahali hapo kwa sababu ya msingi, usifukuzwe wala kuadhibiwa.

Najua mnachosema. "Buda, hiyo ni ya makaratasi." Na mna haki. Kibarua wa siku hafukuzwi, haitwi tu kesho yake. Siku ile ningemwambia nyapara "siendeshi bila maji," angempandisha mwingine, na mimi ningerudi nyumbani mikono mitupu. Sitawadanganya kwamba ningekataa. Njaa ya leo ina sauti kuliko ugonjwa wa mwaka 2040. Kule Hawks Nest pia watu hawakuwa wajinga, walikuwa na njaa.

Ndiyo maana sitaki kumlaumu kijana anayepanda mashine. Namlaumu anayepanga ratiba. Haraka ilikuwa ya mradi, na kikohozi kikabaki cha kibarua. Maji ya kujaza tangi ni pesa ngapi ukilinganisha na saruji ya siku moja? Kumsubiri boza saa mbili kungemuua nani?

Lakini kwa kuwa wengi wenu mko mjengoni, ama mna ndugu huko, haya ndiyo mzee alikuwa akinifundisha wakati mimi nikiona anapoteza muda. Nimeyaangalia tena, yote yana maana.

Kabla ya kuwasha, izunguke mashine yote. Angalia brashi, breki, taa, king'ora cha kurudi nyuma, na tangi la maji. Tangi likiwa tupu, mashine haijawa tayari, hata kama inawaka.

Lowesha kidogo, usifurike. Saruji ikiwa na tope inateleza, na maji yakifika kwenye nyaya za stima umeunda hatari nyingine.

Besimenti na injini ya petroli au dizeli haviendi pamoja kama hewa haizunguki. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, inakulaza usiamke. Mimi nilikuwa besimenti. Nilitoka na kichwa kinauma, nikadhani ni njaa.

Kitu kikinaswa kwenye brashi, zima, toa ufunguo, weka mfukoni, ndipo uinamie. Sanduku la taka likiwa limeinuliwa juu, usiingie chini yake bila kuweka nguzo yake ya usalama. Na kabla ya kuliinua, hakikisha uko mahali tambarare na hakuna waya wa stima juu.

Usibebe mtu. Hata beshte mwenye simu. Watu wakae mbali na pale unapofagia, hasa ukirudi nyuma, kwa sababu huwaoni.

Ile maski ya kitambaa haizuii vumbi hili. Inatakiwa ile ya kuchuja chembe ndogo, ikae vizuri usoni. Chujio la mashine usilipulize kwa upepo wa kompresa mbele ya uso wako. Na nguo za kazi zisiingie nyumbani kukung'utwa pale mtoto amelala.

Niliifuta video kwa sababu kuna vijana waliandika chini yake kwamba hiyo ndiyo kazi wanataka, wazungushe tu mashine kwenye moshi. Nilifundisha kitu bila kujua nafundisha. Kuifuta hakurudishi vumbi chini, najua. Iko kwenye simu za watu, itaendelea kuzunguka.

Juzi nilimtembelea mzee. Anapanda ngazi za nyumba yake akipumzika kila ghorofa. Nilimwambia naandika hii kitu, nikamuuliza niweke nini kutoka kwake. Akafikiria, akasema, "Waambie wajaze tangi. Kama hakuna maji, wangoje."

Kama unamjua msee yeyote wa mjengo, mtumie hii. Hasa kama ndiye anayeamua boza lije saa ngapi.