Motokaa za Bei Nafuu na Njia za Safari

Wako watu wadhanio kuwa ubora wa motokaa hupimwa kwa bei yake na kwa mng'aro wa rangi yake. Mimi, niliyezipenda motokaa tangu utoto, sikubaliani nao. Na kwa kuwa mtu mbishi hashindwi kwa maneno matupu, nitaita mashahidi kutoka katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja uliosawazishwa. Baadaye yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huanza kunyesha, hata dereva aliyekuwa akimeza vumbi asubuhi aliweza kukwama topeni jioni. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza saba tu. Na mwaka 1968 waliomaliza walikuwa saba vile vile. Njia za namna hiyo hazikujali bei ya mtu.

Basi tumtazame mshindi wa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliingia mashindanoni pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo PV544, motokaa iliyokuwa imekwisha kutumika: watu wa kiwanda waliishindania katika Safari ya mwaka 1964 bila ya kufanikiwa. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani. Lilitokana na PV444, iliyoonyeshwa mjini Stockholm mwaka 1944, vita vikuu vingali vikipiganwa, na kutangazwa kwa bei ya krona 4,800, sawasawa na bei ya Volvo ya kwanza ya mwaka 1927. Mwaka 1958 ilipewa kioo kimoja cha mbele badala ya viwili, ikabadilishwa jina. Lakini ule mgongo wake wa mviringo haukubadilika. Mwaka ule ule wa 1965 kiwanda kiliacha kabisa kuitengeneza.

Na motokaa hiyo, ambayo tajiri wa mjini angeona haya kuonekana ndani yake, iliwashinda wote, ikamwacha wa pili nyuma kwa zaidi ya saa nzima. Ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu Kenya ijitawale. Viwanda vya ng'ambo vilikuwa vikileta madereva mashuhuri na vipuri tele, lakini hakuna dereva mgeni aliyeshinda Safari hata mwaka 1972, alipofika Hannu Mikkola wa Finland. Kwa maoni yangu siri haikuwa mwendo wa kasi. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua sauti ya beringi inayotaka kufa, na bodi ya Volvo ile ilikuwa imara. Tena tusisahau kuwa katika mwaka 1959 PV544 ilikuwa miongoni mwa motokaa za kwanza duniani kuuzwa na mkanda wa usalama ushikao bega na kiuno pamoja. Uzee wa umbo si uzee wa akili. Lakini sisemi kwamba kila gari kuukuu ni jema: lililopuuzwa breki zake ni jeneza lenye magurudumu, na mwenye kulisifu anawadanganya vijana.

Shahidi wa pili ni motokaa ya milango miwili iitwayo kupe, neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichokatwa. Msomaji asidhani ni yule mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe, ingawa mwenye kuinunulia petroli huenda akaona jina linafaa. Datsun 240Z ya Japani iliuzwa kwa bei ya chini sana kuliko kupe mashuhuri za Ulaya za wakati wake, nayo ilishinda Safari mwaka 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta. Ni nzuri kwa macho, lakini viti vyake ni viwili tu. Mama mkwe akija, utampakia wapi?

Kwa sababu hiyo moyo wangu huelekea zaidi kwenye stesheni-wagoni za Peugeot. Ndugu yao, Peugeot 404 ya kawaida, ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini 504 ndefu, ya mizigo na abiria, ilipata sifa ya namna nyingine. Urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.90, ambapo 504 ya kawaida ilikuwa na mita 2.74. Nyuma iliwekwa ekseli moja ngumu juu ya springi nne, na nyingine zilitiwa safu tatu za viti. Hizo hazikupewa vikombe. Zilibeba watu kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa na ya magharibi, magunia na kuku wakiwa juu, na iliposimama njiani dereva alifunua boneti, akaomba maji ya rejeta kwenye nyumba ya jirani, akaendelea na safari.