Kutoka Kubeba Ndoo ya Maji Hadi Shahada ya Uzamili

Yule jamaa anayechomoka benchi na begi mchezaji akianguka, Marekani siyo wa kuokota tu mtaani. Chama chao kilizaliwa Kansas City mwaka 1950, enzi ambazo wengi walijifunza kazi kwa kumfuata mkongwe na kufunga bandeji. Mtihani wa cheti ukaja 1970, ila aliyejifunzia kazini bado alikuwa na njia yake. Mwaka 2004 njia hiyo ikafungwa: bila programu iliyoidhinishwa, mtihani huugusi. Mwaka 2015 wakaamua kupandisha tena, sharti uzamili.

Wapo wanaolia na ada. Lakini mchezaji akizimia ghafla, mara nyingi wa kwanza kumfikia ni huyo jamaa, siyo daktari. Ungekuwa wewe umelala pale chini, ungetaka aliyesoma au aliyezoea?