Reli ya Mpanda na Kompyuta za Linux

Reli iliyojengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda ili kusafirisha madini ya risasi ina upana wa milimita 1000. Ile ya TAZARA ina 1067. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa la huku halipiti kule.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilipatwa na shida ya namna hiyo. Haikupungukiwa nguvu, ilipungukiwa viendeshi, yaani programu zinazoiwezesha kuamrisha vifaa. Watengenezaji wengi walificha siri za vifaa vyao. Broadcom ilitoa hadharani kiendeshi cha chipu zake mpya za Wi-Fi mwaka 2010. Debian nayo, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwa kulinda uhuru iliacha programu fiche za vifaa nje ya nakala rasmi hadi 2023. Basi mtu wa Mpanda mwenye kompyuta mpakato isiyo na njia ila Wi-Fi aliweza kutakiwa kutafuta mtandaoni kile kile ambacho, bila hicho, mtandao haukufikika.

Hapana shaka, uhuru wa programu hautimii mpaka mwenye kufanya kifaa akubali kueleza namna kinavyoamrishwa.