Waliobeba Machela: Familia za Wagonjwa wa Akili katika Historia ya Udiakonia

Vitabu vya usharika huhifadhi mambo mengi. Huonyesha nani alibatizwa, nani alipata Kipaimara, nani alifunga ndoa na nani alizikwa. Lakini havina safu ya mama aliyekesha usiku kucha mlangoni ili mwanawe asitoke nje na kupotea, wala ya kijana aliyeacha shule ili amwangalie ndugu yake aliyerukwa na akili. Kwa hiyo usharika unapotimiza miaka mia moja na kuhesabu wachungaji, wainjilisti, makanisa na shule, ni haki pia kuwakumbuka watu ambao huduma yao haikuandikwa popote. Historia ya udiakonia katika milima ya Usambara haielezeki vizuri bila wao.

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, watu wanne walimbeba mwenye kupooza, wakatoboa dari na kumteremsha mbele ya Bwana Yesu. Mahubiri mengi yametolewa juu ya mgonjwa yule. Ni machache yaliyouliza juu ya mabega ya wale wanne. Wenyeji wa milimani wanaijua kazi hiyo, kwa kuwa kwa miaka mingi wagonjwa wameteremshwa kwa machela kwenye njia nyembamba zenye utelezi hadi palipo barabara. Mgonjwa wa mwili hubebwa siku moja au mbili. Mgonjwa wa akili huweza kubebwa na jamaa zake miaka thelathini.

Kutoka Nyumba ya Watoto hadi Hospitali ya Lutindi

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kazi Usambara mwaka 1891, huko Mlalo. Mwaka 1896 chama kingine cha Kikristo cha Ujerumani kilifungua nyumba huko Lutindi, juu ya bonde la Korogwe, kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Biashara ya watumwa ilipokuwa ikififia, nyumba ile ilipata kazi nyingine. Mwaka 1904 ilianza kupokea wagonjwa wa akili, ikawa hospitali ya kwanza ya aina hiyo katika koloni la Ujerumani la Afrika ya Mashariki. Serikali ya wakati ule ilipeleka huko wagonjwa kutoka sehemu mbalimbali za koloni.

Waliofanya kazi Lutindi walikuwa na uhusiano wa karibu na Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Bethel ilianza mwaka 1867 kama nyumba ya wagonjwa wa kifafa, na tangu mwaka 1872 iliongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Yeye alifundisha kwamba mgonjwa anahitaji kazi yenye heshima, wala haitoshi kumpa sadaka tu. Fundisho hilo lilionekana Lutindi. Mgonjwa aliyeweza kusimama alipewa jembe, au kazi ya mikono, kwa kadiri ya nguvu zake. Kazi ilipanga siku yake, ikampa usingizi usiku, ikamwonyesha kwamba bado ni mtu miongoni mwa watu.

Hata hivyo, jambo moja halina budi kusemwa kwa uaminifu. Katika miaka ile ya mwanzo, hospitali ilikuwa mahali pa kumwondoa mgonjwa kati ya watu wake. Aliyetolewa pwani au bara akapandishwa milimani alikuwa mbali mno na ndugu zake. Jamaa walipumzika mzigo, lakini walipoteza pia mtu wao. Mgonjwa akikaa miaka mingi, shamba lake hugawanywa, mke huolewa kwingine, watoto hukua bila kumjua. Siku anapopata nafuu hana tena pa kurudi.

Wakati wa Vita na Baada Yake

Majeshi ya Waingereza yaliingia Usambara mwaka 1916, na katika miaka iliyofuata wamisionari Wajerumani waliondolewa. Walimu na wainjilisti wenyeji ndio walioendeleza ibada na mafundisho mpaka wamisionari waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1927 serikali ya Waingereza ilifungua hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, ambayo ilikuja kuwa hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini. Vita vya pili vilipoanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa tena, na kanisa likabaki kwa mara nyingine mikononi mwa wenyeji.

Lutindi haikufa. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kanisa la Usambara lilikuwa mojawapo. Hospitali ya Lutindi imeendelea kuwa huduma ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Katika mabadiliko hayo yote, wagonjwa wengi zaidi hawakuwa Lutindi wala Mirembe. Walikuwa majumbani. Hospitali mbili au tatu zisingeweza kamwe kuwachukua wote. Kwa hiyo katika miaka yote hii, wodi kubwa kuliko zote ilikuwa nyumba ya kawaida yenye jiko la kuni na vyumba viwili, na muuguzi wake mkuu alikuwa mama, dada au nyanya.

Fundisho Kutoka Abeokuta

Mwafrika mmoja ndiye aliyeonyesha ulimwengu kwamba familia si kizuizi cha matibabu. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyezaliwa Abeokuta mwaka 1923, alipewa kuongoza hospitali mpya ya Aro karibu na mji wake wa nyumbani. Mwaka 1954 alianza utaratibu wa kuwaweka wagonjwa katika vijiji vinavyoizunguka hospitali, wakapangishiwa vyumba na wenyeji. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na ndugu mmoja angalau. Ndugu huyo alimpikia, akamfulia, akamsindikiza hospitali na kurudi naye jioni. Mgonjwa alipopona kiasi cha kutosha, hakurudishwa kwa watu waliomsahau. Alirudi pamoja na mtu aliyeona kwa macho yake jinsi anavyotibiwa.

Karibu wakati huohuo tiba yenyewe ilibadilika. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia dawa ya klopromazini kwa wagonjwa wa akili, na katika miaka ya 1960 zikapatikana sindano ambazo nguvu yake hudumu kwa majuma kadhaa. Mtu ambaye zamani angefungiwa maisha yake yote sasa aliweza kukaa nyumbani, kulima na kwenda kanisani. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1980, serikali ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark ilianza mpango wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ili huduma hii ifike hadi kwenye zahanati.

Haya yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini yalikuwa na upande wa pili: mgonjwa aliporudi nyumbani, mzigo nao ulirudi nyumbani. Dawa zilipewa mgonjwa. Familia mara nyingi haikupewa hata maelezo.

Mzigo Wenyewe

Ugonjwa huanza polepole. Kijana aliyekuwa mwimbaji wa kwaya huacha kuoga, hukaa gizani, hajibu akisalimiwa. Halafu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, humshuku mama yake kwamba anamtilia sumu. Ukoo hukutana. Wapo wasemao amerogwa, wapo wasemao ni mizimu, wapo wasemao ni bangi. Mbuzi huuzwa, kisha ng'ombe, kisha kipande cha shamba, na fedha zote huishia kwa waganga. Familia inapofika hospitali haina kitu tena. Majirani hukataza watoto wao kuchumbiana na watoto wa nyumba ile. Wapo wanaomfunga mgonjwa kwa kamba au mnyororo, si kwa ukatili siku zote, bali kwa sababu wanaogopa ataanguka korongoni au atapigwa na watu, na hawajaonyeshwa njia nyingine. Jambo hili si la Usambara peke yake. Taarifa ya shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza kwamba wagonjwa hufungwa hivyo katika nchi zipatazo 60.

Kanisa nalo linapaswa kukiri sehemu yake. Wako waumini walioambiwa kwamba ugonjwa ni adhabu ya dhambi ya wazazi. Wako wagonjwa waliombewa, wakapata amani, kisha wakaambiwa waache dawa kwa kuwa kuendelea kumeza ni kukosa imani. Baada ya majuma machache ugonjwa ulirudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na waliowaombea hawakuwapo usiku ule. Aliyekuwapo ni mama. Maombi na dawa havipingani, kama vile mkulima aombaye mvua haachi kulima.

Juu ya yote liko swali ambalo wazazi wazee hulibeba kimya: siku nikifa, huyu atabaki na nani?

Maneno ya Nyumbani ni Sehemu ya Tiba

Utafiti uliofanywa London na George Brown na wenzake ulitoa mwanga ambao kila usharika unafaa kuujua. Katika taarifa yao ya mwaka 1972 waliwafuatilia wagonjwa 101 wa skizofrenia kwa miezi tisa baada ya kutoka hospitali. Waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ulinzi wa kupita kiasi, asilimia 58 waliugua tena. Waliorudi katika nyumba tulivu, walikuwa asilimia 16. Matokeo haya yasitumiwe kuilaumu familia, kana kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa. Lawama nyumbani kwa kawaida hutoka kwa mtu aliyechoka asiyeelewa anachokiona. Anayemwita mwanawe mvivu hajui kwamba kulala mchana kutwa kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa, au matokeo ya dawa. Majaribio yaliyofuata yalithibitisha kwamba familia ikifundishwa na kusaidiwa, mgonjwa hurudiwa na ugonjwa mara chache zaidi. Kumsaidia mlezi, basi, ni kumtibu mgonjwa.

Mafunzo hayo si ya juu mno kwa watu wa kawaida. Familia ijue kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na kwamba dawa haiachwi bila kauli ya mhudumu wa afya hata mgonjwa akionekana mzima. Ijifunze dalili za mapema: kukosa usingizi siku kadhaa mfululizo, kujitenga, kukataa chakula, shaka isiyo na sababu. Aonapo dalili hizo, mlezi asingoje vurugu. Ampeleke mgonjwa zahanati mapema. Ijifunze kusema naye kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, isibishane na sauti azisikiazo, wala isimseme mbele ya wageni kama mtu asiyekuwapo. Na mgonjwa akisema maisha hayana maana kwake, asidharauliwe wala asiachwe peke yake.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2008, imeweka utaratibu wa matunzo na ulinzi wa wagonjwa hawa. Lakini sheria haiwezi kukaa na mgonjwa mama anapokwenda sokoni. Hiyo ni kazi ya jirani.

Wajibu wa Miaka Mia Ijayo

Hapa ndipo usharika una kitu ambacho hospitali haina. Una jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba, una wazee wa kanisa wanaojua kila njia, una kikundi cha akina mama ambao huenda kwenye msiba kabla hawajaitwa. Nguvu hizo ziko tayari kwa ajili ya kifo. Zinaweza kuelekezwa pia kwenye nyumba ambamo msiba hauishi wala hauzikwi. Jumuiya yaweza kupanga zamu ya kukaa na mgonjwa nusu siku kwa juma, ili mlezi alale au aende shambani. Mfuko wa udiakonia waweza kulipa nauli ya kliniki, maana mara nyingi dawa ipo ila nauli haipo. Walezi waweza kukutanishwa mara moja kwa mwezi pamoja na muuguzi wa zahanati, wasikilizane na kujifunza. Ukoo waweza kushauriwa mapema, mzazi angali hai, nani atamrithi mgonjwa na shamba gani litakuwa lake. Na yeye mwenyewe anapopata nafuu, apewe kazi na nafasi yake: benchi lake la zamani, sauti yake katika kwaya, jembe lake siku ya kulima shamba la usharika.

Katika sura ya tano ya Injili ya Marko, mtu wa makaburini aliyekuwa akifungwa minyororo alipoponywa, aliomba afuatane na Bwana Yesu. Hakuruhusiwa. Aliagizwa arudi nyumbani kwa watu wake. Lutindi ilianza kama mahali pa kuwapokea watu waliotengwa na kwao, kwanza watoto wa utumwani, kisha wagonjwa wa akili. Safari ya zaidi ya miaka mia moja imefundisha kwamba huduma hiyo haikamiliki mpaka mtu afike nyumbani na kukuta mlango uko wazi, na aliyeufungua awe na nguvu za kusimama.

Kwa wale wote waliofungua milango hiyo, ambao majina yao hayamo katika kitabu hiki, usharika unatoa shukrani, ingawa imechelewa. Bwana anayewajua kwa majina na awape pumziko, na ndugu zao katika Kristo wawapokee upande mmoja wa machela.